Kumchagulia Mwenzio la Kutazama

Wanaozuia sinema husema kuwa wanawakinga watazamaji. Neno lao lastahili kupimwa kwa haki, maana si wote wenye nia mbaya, na picha ina nguvu ya kuvuta moyo kuliko maneno matupu. Lakini nani alimpa mtu mzima mmoja haki ya kumchagulia mtu mzima mwenziwe la kutazama?

Korogwe ina ushahidi wa zamani juu ya jambo hili. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha majaribio ya sinema kwa Waafrika kati ya mwaka 1935 na 1937, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Wasimamizi wake, Latham na Notcutt, walitengeneza picha zipatazo 35, zikachukuliwa kwa gari na kuonyeshwa katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Moja ilifundisha faida ya kuweka akiba posta. Nyingine zilihusu safura, kodi na kilimo. Mafunzo mengi yalikuwa mema. Hata hivyo, chini ya wema huo palilala wazo kwamba Mwafrika ni mtoto: aonyeshwe linalomfaa, afichwe linalomtatiza. Waigizaji walikuwa Waafrika. Uamuzi haukuwa wao.

Ukoloni ulikwisha, wazo likabaki. Mwaka 2018 Bodi ya Filamu ya Kenya ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu juu ya mapenzi ya wasichana wawili, ingawa ilikuwa imechaguliwa kwa tamasha la Cannes, Ufaransa. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu iliruhusu watu wazima waione kwa siku saba. Majumba ya sinema ya Nairobi yalijaa. Siku zilipokwisha, ikazuiwa tena.

Hapa mzuiaji ana swali asiloweza kulikwepa. Ili aizuie picha, hana budi aitazame kwanza. Akitoka na tabia njema, amethibitisha kuwa mtu mzima aweza kuiona asiharibike. Akitoka ameharibika, hafai kuwalinda wengine. Labda atasema yeye ana elimu, na mkulima wa Handeni hana. Lakini mkulima huyo huamua mashauri ya ukoo, hupiga kura, na husikiliza mashahidi wawili wanaopingana. Atashindwaje kupima picha?

Kweli, picha yaweza kudhulumu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ilionyesha biashara ya sangara Mwanza na maskini walao mapanki, ikadokeza kuwa ndege zinazochukua minofu huleta silaha Afrika. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na watu wakaandamana. Kinyongo chao kilikuwa na msingi, maana si uadilifu mji kujulikana kwa aibu yake tu. Lakini aliyeandamana bila kuiona aliazima hasira ya mwingine, na hasira ya kuazima haimtetei mtu.

Mtoto ana haki ya kukingwa, na aliyepigwa picha ana haki ya kutosingiziwa. Ya kwanza hutimizwa kwa kiwango cha umri. Ya pili kwa majibu, na ikibidi kwa mahakama. Hakuna katika hizo inayodai watu wote wafumbwe macho. Anayewaheshimu watu huwaacha waone, kisha husikiliza hukumu yao, hata ikiwa si ile aliyoitaka.