Dai la Mmomonyoko wa Maadili

Mmomonyoko wa maadili ni dai kwamba haya, heshima, uaminifu na huruma vinapungua kizazi baada ya kizazi. Afrika Mashariki dai hilo husikika mimbarini, bungeni na vijiweni, na lawama huwaangukia wale wale: utandawazi, simu, muziki wa kizazi kipya, wazazi wasio na muda. Ndani yake mna maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Moja ni la historia: je, watu wa zamani walikuwa wema zaidi kweli? La pili ni la hukumu: je, kila kilichoachwa kilistahili kushikwa?

Dini zimelipa dai hili mizizi mirefu. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakitaja kizazi cha Mtume kuwa bora, kisha kinachokifuata, kisha kinachofuata hicho. Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 3, unazieleza siku za mwisho kuwa zama za watu wanaojipenda wenyewe, wanaopenda fedha na wasiowatii wazazi wao. Muumini anayesoma hayo na kuutazama mtaa wake huona unabii ukitimia, ingawa waumini wa karne zilizopita nao waliona vivyo hivyo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikiita kitabu chake kikubwa uhuishaji wa elimu za dini, maana yake machoni pake elimu hizo zilikwisha kufa. Biblia nayo ina onyo lisilohubiriwa sana: Mhubiri 7:10 humkataza mtu kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, kwa kuwa swali hilo halitoki kwenye hekima.

Kuhusu fikra za jadi, John Mbiti wa Kenya alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba wakati wa Mwafrika huelekea nyuma, kwenye Zamani waliko wahenga na asili ya desturi, wala hauna enzi njema inayongojwa mbele. Ikiwa ni hivyo, kila badiliko ni hatua ya kuupa wema kisogo. Kwame Gyekye wa Ghana aliupinga ujumla huo kwa kutumia lugha na fikra za Waakan, ambamo wakati ujao una nafasi yake. Pingamizi lake lina uzito. Watu wanaopanda mnazi ambao wajukuu ndio watakaoufaidi hawawezi kusemwa kwamba hawatazami mbele.

Pwani ya Waswahili ina maandishi ya kutosha kulipima swali la historia, angalau kwa upande wa malalamiko. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ya mwanzoni mwa karne ya 19, inauomboleza mji wa Pate ulioanguka na matajiri wake waliosahau mauti. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi wa wasia. Laiti adabu zingekuwa zinajishika zenyewe wakati huo, wasia mrefu vile usingehitajika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Mombasa magazeti ya Sahifa (1930) na Al-Islah (1932), na humo akawakemea Waislamu kwa kuiga mambo ya Kizungu huku wakiipuuza elimu. Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU uliendesha Operesheni Vijana kuanzia Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Kijana aliyekemewa Mombasa mwaka 1932 alikuwa mtu mzima wa kukemea wengine ilipofika 1969. Msichana wa sketi fupi wa mwaka 1969 sasa ni bibi, na huenda ndiye anayewaambia wajukuu kwamba zamani kulikuwa na heshima.

Hali hiyo si ya pwani peke yake. Mwaka 2023 wanasaikolojia Adam Mastroianni na Daniel Gilbert walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa kura za maoni zilizokusanywa kwa takriban miaka 70. Katika nchi zisizopungua 60, watu walisema maadili yanashuka. Hata hivyo, watu walipoulizwa wenzao wanawatendeaje siku hizo, majibu hayakubadilika sana mwaka hadi mwaka. Maelezo ya watafiti hao ni mawili: habari mbaya za watu usiowajua hukufikia kwa wingi kuliko njema, na machungu ya zamani hufifia upesi kuliko raha zake. Kura za maoni hupima hisia, kwa hiyo hazithibitishi kwamba hakuna kilichoharibika. Zinachothibitisha ni kwamba kulalamika pekee si ushahidi.

Kwa swali la hukumu, nguo ndizo hutajwa kwanza, nazo ni ushahidi dhaifu. Kanga ilienea mwishoni mwa karne ya 19, na buibui lilienea Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo, bibi wa kiungwana wa Lamu alitoka nje akiwa ndani ya shiraa, pazia lililoinuliwa na watumwa wakitembea naye. Sitara yake ilibebwa na watu ambao wenyewe hawakuruhusiwa kujisitiri kama yeye. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walijifunga kanga, na baadaye wakavaa buibui, wakijitwalia heshima waliyokuwa wamenyimwa. Kwa bwana aliyezoea kumtambua mjakazi kwa mavazi, huo nao ulikuwa utovu wa adabu.

Julius Nyerere, aliyeusifu sana udugu na ukarimu wa jamii ya jadi, hakuzifumbia macho dhuluma zilizokuwamo. Katika Ujamaa Vijijini (1967) alitaja kasoro mbili za jamii hiyo: umaskini, na wanawake kubebeshwa kazi kupita haki yao. Mvutano kati ya mila na haki ya mwanamke haujaisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo mwaka 2016. Serikali ikakata rufani, ikitaja miongoni mwa hoja zake mila na dini, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo mwaka 2019. Anayesema mila zimeachwa hana budi kueleza ni mila ipi, na nani aliyekuwa akiilipia.

Kilichobadilika bila shaka ni malezi. Mtoto alikuwa wa mtaa mzima; jirani alimrudi bila kuomba ruhusa, na somo, kungwi na wazee wa jando walikuwa na zamu yao ya kumfunda. Kazi za mshahara, shule za bweni na vyumba vya kupanga mjini vilimtenga kijana na macho hayo. Hapa ndipo wanaolalamika wana haki. Mtu hajengeki kwa mahubiri. Hujengeka kwa mazoea, na mazoea huhitaji watu wanaomjua mtu kwa jina na kwa ukoo. Ila kuna ugumu. Uaminifu unaodumu tu pale mtu anapoonwa ulikuwa woga wa aibu tangu mwanzo, na mji umeufichua tu. Mafundisho ya ihsani katika Uislamu, kwamba mja amwabudu Mungu kana kwamba anamwona, yanadai zaidi ya hapo.

Kuna badiliko moja ambalo lina tarehe, na halihusu vijana. Azimio la Arusha la TANU, la Februari 1967, liliwakataza viongozi kumiliki hisa katika makampuni, kuwa wakurugenzi katika makampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi na kupangisha nyumba. Februari 1991, katika kikao cha Zanzibar, CCM, chama kilichoirithi TANU, ililegeza miiko hiyo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi watangaze mali zao, lakini haikurudisha makatazo ya 1967. Katika yote yanayoitwa mmomonyoko, hili ndilo lenye maandishi, siku na wahusika, na waliolipitisha walikuwa watu wazima.