Dalili na Chanzo katika Springi za Nyuma
Gari lililoshushwa kwa kukatwa springi linapoanza kugonga nyuma, fundi hukabiliwa na swali ambalo mwanafalsafa David Hume alilijadili mwaka 1748, yaani iwapo kufuatana kwa mambo mawili kunatosha kuthibitisha kwamba la kwanza ndilo chanzo cha la pili. Kulitafakari kwa subira ni wajibu wa uadilifu, kwani uhai wa abiria unategemea jibu lake. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mizunguko inayonyumbuka imepungua, lakini mlio huohuo waweza kutokana na ekseli kugonga mpira wa kikomo, ule unaozuia chuma kukutana na chuma. Chanzo kingine cha kuchunguza ni springi kulegea: gari likiinuliwa kwa jeki hadi magurudumu yaning'inie, springi inayozungushika kwa mkono imelegea kwenye kikalio chake.