Ajali Iliyotangulia Kupiga Hodi

Neno ajali limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza limekuja nao kutoka Kiarabuni: muda wa mtu uliokadiriwa, siku yake iliyokwisha kuandikwa. Mzigo wa pili limetwishwa barabarani: gari kugongana na gari, mwenda kwa miguu kuangushwa, baiskeli kuburuzwa. Kwa kuwa mizigo yote miwili imo kapu moja, ni wepesi mkono kutafuta huu ukatoa ule. Mtu hugonga, kisha husema ni ajali, na wasikilizaji huinamisha vichwa kana kwamba wamesomewa habari ya majaliwa. Methali nayo ipo tayari kumtetea: ajali haina kinga.

Lakini jambo lililotangulia kupiga hodi, likafungiwa mlango, kisha likaingia kwa kuuvunja, je, bado linastahili kuitwa ajali?

Mfano wake haupo mbali. Magari mengi yanayotembea Unguja na Pemba yalianza kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari, na hufika visiwani yakiwa tayari na umri. Hapa hukutana na upepo wa chumvi, ambao hula chuma bila ya kelele. Gari likizeeka huanza kusema. Kila ufunguo unapozungushwa, taa za dashibodi huwaka zote kwa muda mfupi, mithili ya wanafunzi wanaoitika majina yao, kisha huzimika. Siku moja ile nyekundu ya breki hukataa kuzimika.

Dereva huangalia kwanza breki ya mkono. Ikiwa imeshateremshwa na taa ingali inawaka, mara nyingi maana yake ni kuwa mafuta ya breki yamepungua. Yamepungua kwa kuvuja, au yamepungua kwa sababu pedi zimekwisha: kadiri zinavyolika, ndivyo bastola zinazozisukuma zinavyosogea mbele na mafuta kuzifuata. Hapo ndipo jaribu linapoingia. Mtu akijaza mafuta, taa huzimika na moyo hutulia, ilhali pedi zimebaki vilevile, nyembamba kama ukucha. Yuko na mwengine asiyesumbuka hata kununua mafuta. Humwambia fundi aichomoe balbu. Tangu siku hiyo taa ile haiitiki tena jina lake asubuhi, na ukimya wake huhesabiwa kuwa ni uzima.

Si haki kumsimanga mtu huyu kabla ya kusikiliza shida yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Gari hilo ndilo shamba lake na ndilo jahazi lake. Likilala gereji siku tatu, na chungu nyumbani hulala siku tatu. Fundi akifungua gurudumu huenda akakuta pedi zimeshakwisha na chuma kinasaga chuma, hata diski imechimbika mifereji. Bei iliyokuwa ya pedi sasa ni ya pedi na diski, na pengine na mpira wa kupitishia mafuta uliopasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aliyekosa fedha ya ufa atautoa wapi ukuta?

Hoja hiyo ni nzito, wala haipasi kupuuzwa. Hata hivyo inachanganya madeni mawili yasiyolingana. Liko deni ambalo mtu akilichelewesha hujidhulumu mwenyewe: rangi iliyochujuka, kiti kilichotatuka, kipoza hewa kilichokufa. Hata taa zenyewe hazina uzito mmoja. Ile ya manjano yenye herufi ABS, ikiwaka peke yake, kwa kawaida husema kuwa kifaa cha kuzuia magurudumu yasigande kimeharibika, nazo breki za kawaida zingalipo. Si jambo la kudharau, lakini huacha nafasi ya kwenda taratibu hadi kwa fundi. Taa nyekundu haiachi nafasi hiyo, kwani deni lake halimhusu mdaiwa peke yake.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu taa humulika uso wa mtu mmoja, na hatari huwaelekea wengi. Mtoto anayevuka barabara Darajani haoni dashibodi ya mtu. Muuza samaki mwenye baiskeli hajui kuwa gari lililo nyuma yake liliombewa pedi mwezi uliopita. Wao huona gari tu, na huliamini kwa sababu hawana njia nyengine ya kuishi mjini. Aliyepewa habari ambayo wengine hawakupewa, nayo ni habari ya shingo zao, amekabidhiwa amana. Umasikini humpunguzia mtu mambo mengi, lakini haumruhusu kukopa katika mfuko wa mwenzake bila ya kumwambia, seuze kukopa katika uhai wake.

Maumbile nayo hayana huruma katika hesabu hii. Gari likienda kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita 16 katika sekunde moja. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ambayo breki inapaswa kuigeuza joto huzidi mara nne. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishaingia maji kiwango chake ni nyuzi 140 tu. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubinyika. Mguu hukanyaga pedeli ikazama hadi chini, gari lisisimame. Dereva hapo hulia kwamba breki zimemkimbia ghafla, na hilo ghafla limechukua miaka.

Dereva, hata hivyo, si mdaiwa pekee. Fundi anayekubali kuchomoa balbu amenunua hisa katika lile litakalotokea. Anayeuza gari huku ameificha ila hiyo amehamisha amana bila ya kumjuulisha anayeipokea. Abiria anayegombea nauli ya chini kabisa, kisha akashangaa kwa nini gari ni bovu, naye ana sehemu yake. Na jamaa ambao huchanga kwa wepesi siku ya mazishi wangeweza kumpa mwenzao zamu yake ya upatu mapema, ikawa pedi badala ya sanda.

Methali basi haikusema uongo. Tawi la mwembe likikatika na kuangukia njia, hiyo ni ajali, na haina kinga. Lakini lile lililotangazwa kwa taa nyekundu kila asubuhi lilikuwa na kinga, na kinga yake ilikuwa na bei. Bei hiyo haikufutika kwa kutolipwa. Ilingojea barabarani, akalipishwa mtu ambaye hakuwahi kuiona taa.