Mgeni Apewe Jembe Gani?



Liko swali liulizwalo kila itangazwapo sadaka ya masomo. Watu husema: Hapa Songwe wako yatima waliomaliza shule wakakosa njia ya kwenda chuo kikuu. Je, ni haki tumsaidie mwana wa mkimbizi, hali watoto wetu wamekaa nyumbani? Asemaye hivyo si lazima awe mchoyo. Pengine anaye mtoto aliyekaa nyumbani. Kwa hiyo imetupasa kumjibu kwa upole na kwa kweli.

Kwanza tuulize, mgeni ni nani? Sisi tukaao karibu na Tunduma twaweza kulijua jambo hili vema. Mpaka upitao kati ya Tunduma na Nakonde ulitokana na mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890, na Wanyamwanga wakawa huku na huko. Mnyamwanga avukaye leo kwenda kwa shangazi yake Nakonde yu katika nchi nyingine, lakini si mgeni. Akiugua atauguzwa, akishtakiwa yuko wa kumsimamia. Basi ugeni si kuvuka mpaka. Ugeni ni kukosa mtu wa kusema, "Huyu ni wetu."

Sasa na tuwatazame wanafunzi wenyewe. Wako wa namna mbili. Wa kwanza ni wana na wajukuu wa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapokewa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo walipewa uraia. Hao ni Watanzania kwa sheria, nao waweza kuomba fedha kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Wa pili ni wale walio wakimbizi hata sasa, kama Wakongo wa kambi ya Nyarugusu katika Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Hao, kwa sheria ya mwaka 1998, hawatoki kambini bila kibali. Na mkopo wa Bodi si wao, maana ni wa raia. Uko mfuko uitwao DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha ya Ujerumani, usomeshao wakimbizi katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Lakini waombao ni wengi kuliko wapatao.

Fedha hawana, ni kweli. Lakini upungufu wao ulio mkubwa zaidi si fedha. Yatima wa kijiji chetu, hata akiwa hana shilingi moja, anaye mjomba wa kuwa mdhamini wake, na mwenyekiti wa kijiji amjuaye tangu kuzaliwa, na jiko la kurudia chuo kifungwapo. Mwana wa mkimbizi huulizwa cheti, huulizwa mdhamini, huulizwa asili ya babu yake. Na babu yake alikuja usiku na nguo aliyoivaa. Likizo ifikapo wenzake hupanda basi, naye hana pa kwenda. Tena yuko aliye raia kabisa, na bado wenzake humwita mkimbizi.

Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, yaamuru masazo ya shamba yaachwe kwa mgeni, yatima na mjane, wote watatu pamoja. Mwenye shamba hakuambiwa achague mmoja. Aliambiwa asirudie mganda aliousahau. Basi fedha ya sadaka na igawanywe kwa kadiri ya uhitaji, bila kuuliza kabila. Lakini ukoo haugawanywi kama fedha. Ukimpa mgeni mahali mezani pako wakati wa likizo, hukumpunguzia yatima ada yake hata senti moja.

Martin Luther, alipokuwa mwanafunzi mbali na kwao katika mji wa Eisenach, aliimba milangoni mwa watu apate mkate, na watu wa mji huo wakampokea nyumbani. Mwaka 1501 akaingia chuo kikuu cha Erfurt. Wale waliompa chakula hawakujua atakuwa nani, wala haikuwapasa kujua. Walimwona mtoto mwenye njaa, wakafungua mlango.

Wazee walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitumia neno hili kumfukuza mgeni. Lakini ampaye mtu jembe sharti ampe na mahali pa kulima. Ndivyo ilivyofanyika kwa Warundi wale: serikali ikawapa ardhi, na shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa mkono wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, likasaidia kuyajenga makazi. Wakalima, wakala, wakauza. Jembe la wajukuu wao ni elimu, na mahali pa kulima ni kwetu.

Kwa hiyo twawasihi mambo matatu. Usharika ulio karibu na chuo, kama Mbeya au Iringa, umtafutie kila mwanafunzi wa namna hii nyumba moja ya kurudia. Wachungaji na wazee wawajue kweli, ili wanapowaandikia barua ya ushuhuda waandike wayajuayo, wasiape juu ya wasiyoyajua. Tena mwanafunzi asisimamishwe mbele ya kanisa na kutajwa kuwa mkimbizi wetu. Msaada unaodai shukrani kila Jumapili umegeuka deni.

Siku ile ya mwisho, kama tusomavyo katika Mathayo sura ya 25, Bwana hatauliza mgeni alitoka nchi gani. Atauliza kama alipata mlango.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.