Alama ya Pasi

Meza ya marehemu mama ni ya mninga. Alikuwa fundi cherehani, akikatia nguo juu yake, na baada ya msiba ikaja kwangu, vanishi imebanduka. Nikaenda Kariakoo kununua mashine ya kupiga msasa. Mwenye duka akaniwekea tatu kaunta, akauliza, "Dada, unataka kutoa nini?"

Nikamjibu, vanishi. Ukweli ni kwamba nilitaka kutoa alama nyeusi ya pasi ya mkaa iliyo kona ya kushoto. Niliiunguza mimi, nikiwa na miaka 11. Mama aliporudi nikasema ni mdogo wangu. Akachapwa yeye. Kwa Kiswahili mtu naye hupigwa msasa, na mama aliamini anamnyoosha mwanawe.

Mwenye duka akanieleza. Ya mkanda inakula mbao haraka. Ukiituliza mahali pamoja, inachimba. Ya mraba, inayotetemeka, ni ya polepole lakini inafika kwenye kona. Ya duara inazunguka huku ikiyumba, kwa hiyo haiachi michirizi mingi. Nianze na msasa namba 80, nipande 120, nimalizie 180. Na nivae barakoa, maana vumbi la mbao linaweza kusababisha saratani.

Nikauliza ipi inatoa alama ya moto.

"Kama imezama, usiikwangue peke yake," alisema. "Utapata bonde. Itabidi ushushe ubao mzima."

Nilinunua ya duara, nikarudi nayo bila furaha. Nilijitetea njia nzima: mbao ni mbao, mama ametangulia, na mdogo wangu huenda kasahau. Kukarabati meza si dhambi. Lakini nilikuwa nimechagua mashine kama mtu anayechagua namna ya kumnyamazisha shahidi. Mikwaruzo mingine yote ya meza ile ningeweza kuisimulia mbele ya wageni. Ule mmoja tu ndio niliutaka uondoke kabla ndugu yangu hajaja.

Nadhani kosa linapoacha alama, alama ile ina wenyewe wawili: aliyeitia na aliyeilipia. Mimi niliitia tu. Haki ya kuifuta ninayo vipi, wakati bei ilitoka kwenye mgongo wa mwingine? Aliyeilipia akisema itoke, huo ni usafi. Nikiitoa kimyakimya, namchapa mara ya pili.

Usiku ule nilimpigia simu, Mwanza. Nikamwambia yote, mpaka habari ya mashine. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Dada," akasema, "usiiguse mpaka nije."

Hakusema atakuja lini, wala kwamba amenisamehe. Nimeshapiga msasa miguu na droo. Juu bado.