Kabla Msumeno Haujaigusa Fremu

Mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu haiulizi fremu ya baiskeli ilitoka wapi. Hupokea kilo, bei ikatajwa, fremu ikatupwa kwenye lundo pamoja na mabati, nondo na masufuria yaliyotoboka. Mwenge, jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Manzese na Tandika, mkokoteni wa vyuma chakavu unaweza kupita na chuma cha miaka sitini pasipo mtu kukijua, kwa sababu rangi imebanduka, nembo imeng'oka na magurudumu yaliuzwa zamani.

Wapo mafundi na vijana wanaoiokoa fremu kama hiyo kabla haijapimwa. Wanataka kuigeuza guta la kubebea maji, mashine ya mnoa visu, au baiskeli ya kumfikisha mtu Mlimani bila kudaiwa nauli. Nia hiyo ni njema kabisa. Shida ni kwamba wengi hukimbilia msumeno mapema mno. Fremu isiyojulikana inastahili kuhojiwa kwanza, na mahojiano hayo hayamshindi mtu mwenye brashi ya waya, rula na subira.

Kazi huanza kwa kusugua kutu sehemu mbili: penye kiungo cha tandiko, na chini kabisa, kwenye bomba fupi linalopitisha ekseli ya pedeli. Huko ndiko viwanda vingi viligonga namba. Namba iliyosagwa kwa makusudi nayo ni habari, tena mbaya. Huenda fremu iliibwa, na mnunuzi mwaminifu husimama hapo hapo. Namba ikisomeka, macho yahamie bomba la mbele, chini ya usukani. Nembo ikishang'oka, vitundu vyake vya ribiti hubaki. Vimepangwa juu na chini, au kushoto na kulia, na umbali kati yake unaweza kulinganishwa na nembo za baiskeli ambazo bado ni kamili.

Halafu kuna nyuzi, na hapa fremu huanza kusema.

Kampuni ya Raleigh, iliyokuzwa na Frank Bowden mjini Nottingham tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, ilikuwa na ukaidi mmoja unaowafaa wachunguzi mpaka leo. Viwanda vingi vya Uingereza vilikata nyuzi 24 kwa kila inchi ndani ya lile bomba la ekseli ya pedeli. Raleigh ilikata 26. Fundi akifunga kikombe cha gololi cha kawaida, kikaingia kidogo kisha kikagoma, asichukue nyundo. Pengine ameshika chuma cha Nottingham, na akilazimisha ataharibu ushahidi bora kuliko wote aliobakiwa nao.

Hata jina likipatikana, bado lina mambo yake. Mwaka 1957 Raleigh iliinunua biashara ya baiskeli ya BSA ya Birmingham, na mwaka 1960 ikaunganishwa na kundi la Tube Investments, lililokuwa likimiliki Hercules na Phillips. Baada ya hapo nembo zilizowahi kushindana zikawa za nyumba moja. Huko Madras, India, kampuni ya TI Cycles ilikuwa imeanzishwa mwaka 1949, nayo ikawa inatengeneza Hercules zake. Kwa hiyo mzee anayeapa kuwa Hercules yake ilitoka Uingereza anaweza kuwa sahihi, na jirani yake anayesema ya kwake ilitoka India akawa sahihi vilevile. Hero ya Ludhiana na Phoenix ya Shanghai zilifuata umbo lile lile la fremu ndefu, bomba la juu lililolala, magurudumu ya inchi 28 na breki za fito. Kwa mbali zote ni ndugu. Ndiyo maana anayeuliza "hii ni ya kampuni gani?" na kujibiwa papo hapo na mpita njia aendelee kusugua.

Je, ikishajulikana iwekwe ukutani? Hapana. Baiskeli hizi ziliundwa kubeba mizigo, na hakuna heshima inayozifaa kuliko kazi. Wachongaji wa soko la vinyago la Mwenge hulisoma gogo la mpingo kabla ya kulitia tezo, mishipa yake ikawaonyesha pa kupita. Fundi wa fremu naye asome viungo vyake. Fremu nyingi za zamani ziliungwa kwa vifundo vya chuma na brasi iliyoyeyushwa. Mashine ya umeme inayochomelea mageti ikipitishwa juu ya brasi hiyo huacha kiungo dhaifu kinachoweza kupasuka mzigo ukiwa njiani. Anayetaka kuongeza keria nzito au gurudumu la tatu atafute fundi wa gesi, au afunge kwa bolti na vikamatio bila kuigusa fremu kwa moto.

Mifano ya kazi hiyo haiko mbali. Mwaka 2002, kijiji kimoja cha wilaya ya Kasungu, Malawi, kilimwona William Kamkwamba, kijana aliyekosa ada ya shule, akiunganisha fremu ya baiskeli kuukuu, feni ya trekta na dinamo hadi upepo ukawasha taa nyumbani kwao. Arusha, Bernard Kiwia alitoka kwenye ufundi wa baiskeli akabuni chaja ya simu inayoendeshwa kwa pedeli, kisha akaanzisha karakana ya ubunifu ambayo leo inaitwa Twende, mahali ambapo wengine hujifunza kuunda mashine zao wenyewe. Wote wawili walitumia chuma ambacho mizani ingekipa bei ya kilo.

Kuna fremu moja tu ambayo haifai kukatwa kwa sababu yoyote, nayo ni Swala. Ni baiskeli ya NABICO, kampuni ya taifa ya baiskeli ya enzi za mashirika ya umma, yenye jina la mnyama wa mbuga zetu. Raleigh ina wakusanyaji na vitabu huko ilikozaliwa. Swala haina wa kuililia isipokuwa Watanzania. Anayeikuta apige picha namba yake, aandike ilitumika mji gani na ilibeba nini, amuulize aliyeiendesha angali hai, kisha aipeleke Kijiji cha Makumbusho, ambacho tangu mwaka 1967 kimekuwa kikitunza nyumba za jadi za makabila ya nchi hii, awaombe waipokee. Kutoka Mwenge ni mwendo mfupi kwa Barabara ya Bagamoyo, na fremu tupu hubebeka begani.