Mbiru ya Nafsi Yangu

Januari nilibandika karatasi kwenye friji: hatua nane za kuleta mabadiliko. Nilizitoa kwa John Kotter wa Harvard, ambaye mwaka 1996 aliwaandikia mameneja kitabu kiitwacho Leading Change. Amsha uharaka, unda timu, weka dira, na kuendelea. Mimi sina kampuni. Nina bia nne kila jioni, nikataka ziishe. Wiki ya tatu karatasi ilikuwepo, na bia zilikuwepo.

Pasaka nikapanda Ngujini. Nilipomweleza baba mdogo, nilijua atacheka. Hakucheka. Akaniuliza tu, "Na huyo mnywaji, mwanangu, ulimuuliza?"

Nikakumbuka mbiru. Miaka ya 1940 Wapare waliletewa kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali ya mtu, ikapewa jina la ushuru wa zamani ili ionekane ya kwetu. (Hapo Kotter angewapa alama za mawasiliano!) Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka Same wakapiga kambi kwa miezi. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Wakubwa waliona ukaidi mtupu, lakini watu hawakuwa wamekataa kulipa kodi. Walikataa kupekuliwa mali zao na kuamuliwa bila kuulizwa.

Basi mimi nimekuwa Bwana DC wa nafsi yangu. Nimemtungia amri mtu ambaye sijawahi kumsikiliza, halafu alipogoma nikamwita mvivu. Kumbe ana la kusema: tangu tumzike baba, ikifika saa moja jioni nyumba yangu inakuwa kimya mno, na baa ndiyo mahali pekee ninapoitwa kwa jina.

Najua hatari ya hoja hii. Mlevi huwa na wakili hodari kuliko wote, naye ni mwenyewe. Ini halisubiri kikao. Ila kumsikiliza mtu si kumpa kiti cha chifu, na mpango unaomwona kila anayepinga kuwa kikwazo hauwezi kujua anapinga nini.

Karatasi nimeibandua. Saa moja jioni nampigia baba mdogo, tunaongea mahindi, mvua, nani kafiwa. Jana aliniuliza ni ngapi. Nikamwambia mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na habari za mvua.